Wiki ya Pili Baada ya Mafuriko

Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, imelala bondeni. Vilima vya Isingiro vimeizunguka, ziwa limetanda katikati, na mvua kubwa ikishuka huko juu kwenye migomba na malisho ya ng'ombe, maji hukatiza nyua za watu yakielekea ziwani. Misimu ya mvua ni miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Desemba, na mwenye nyumba ya udongo hahitaji kufundishwa namna ya kuchimba mfereji nyuma ya ukuta au kupandisha godoro juu ya meza. Makala haya yanaanzia pale maarifa hayo yanapoishia: maji yameshuka, nguo zimeanikwa, wenye fulana za mashirika wameshapita kuandika majina, na watu wanaambiana kwamba wamepona.

Wakati huo vyoo vya shimo vimefurika, na kilichokuwa ndani kimesombwa hadi kwenye visima, chemchemi na ukingo wa ziwa. Aliyekunywa maji hayo anaweza kupata kipindupindu, akaanza kuhara baada ya saa chache au akakaa hadi siku 5 bila dalili. Wa kwanza kuugua atadhaniwa amekula kitu kibaya. Wanaofuata mara nyingi ni wale waliomwuguza na kufua shuka zake. Ikifika wiki ya pili mtaa mzima unahara, na gari la msaada bado linahangaika na tope.

Wenyeviti wa vijiji, wahudumu wa afya wa vijijini ambao sote tunawaita VHT, wachungaji, maimamu, na ninyi jamaa mlioko mjini Mbarara: idadi ya watakaokufa hutegemea zaidi vitu vilivyo hatua chache kutoka mlangoni kuliko vile vilivyo barabarani vikija. Ndoo, vidonge vya klorini, chumvi, sukari, daftari, na watu wawili watatu wanaojua la kufanya. Vikiwapo kabla ya mvua, kipindupindu kitaingia na kutoka. Visipokuwapo, hakuna hema la hospitali litakalowahi.

Wazee wengi wa Nakivale wanaikumbuka Goma, Kongo, ya mwaka 1994. Kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti mwaka ule, karibu wakimbizi 50,000 wa Rwanda walikufa katika kambi za Katale, Kibumba na Mugunga na pembeni mwa barabara zake, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Walikunywa maji ya Ziwa Kivu bila dawa, na mawe ya volkano hayakuruhusu choo kuchimbwa. Sasa tazama Beira, Msumbiji. Kimbunga Idai kiliupiga mji huo Machi 2019, kipindupindu kikathibitishwa tarehe 27 mwezi huohuo, na kufikia Aprili 3 chanjo ilikuwa imeanza kutolewa. Waliougua walizidi 6,000. Waliokufa walikuwa 8. Vijidudu ni vilevile. Ila Beira maji yalitiwa dawa mapema na wagonjwa wakapata maji ya chumvi na sukari kabla hawajakauka.

Beira, hata hivyo, ilipata ndege za msaada na kamera za dunia nzima. Nakivale, yenye watu zaidi ya 150,000 katika makazi yaliyofunguliwa mwaka 1958, isitegemee hilo. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisimamisha msaada wa chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kwa sababu fedha zilikauka. Shirika linaloshindwa kuleta mahindi halitaleta ndoo kwa haraka.

Maji ya kunywa kwanza

Baada ya mafuriko kila kitu kinalia kitengenezwe kwa wakati mmoja: paa, choo, shamba, shule. Anzeni na maji ya kunywa, na msione haya kuacha mengine yangoje. Mfano wa karibu ni Kyangwali, wilaya ya Hoima, mwaka 2018. Wakongomani waliokuwa wamevuka Ziwa Albert kwa maelfu walipelekwa kwenye vijiji ambavyo havikuwa na vyoo vya kutosha, watu wakajisaidia vichakani karibu na kijito, mvua ikaosha kila kitu hadi kijitoni, na kijito ndicho kilichokuwa kisima cha wengi. Walioandikwa kuugua ni 2,122, na 44 wakafa. Wachunguzi walipouliza nani alikunywa nini, kidole kilikielekea kijito.

Fanyeni hesabu mapema, kwa karatasi. Chukua kijiji cha kaya 300, kila kaya watu 5. Hao ni watu 1,500. Viwango vya kimataifa vya misaada vinataka kila mtu apate lita 15 kwa siku kwa matumizi yote, yaani lita 22,500, na kwa kweli hamtazipata siku ya kwanza. Lakini maji ya kunywa na kuoshea mboga ni kama lita 3 kwa mtu. Kwa kijiji kizima hizo ni lita 4,500, au jerikeni 225 za lita 20. Namba hii inashikika. Lengo la wiki ya kwanza liwe kwamba hakuna hata jerikeni moja kati ya hizo 225 inayoingia nyumbani bila dawa.

Njia rahisi kuliko kwenda nyumba kwa nyumba ni kumweka mtu palepale watu wanapochota. Kijana mmoja asubuhi, mwingine jioni, kila mmoja na vidonge vyake mfukoni na kofia ya jua. Jerikeni ikijaa, anatia dawa yeye mwenyewe, anafunga kifuniko, anaitikisa, anamwambia mama aliyekuja kuchota, "Mama, usinywe kabla ya nusu saa." Kazi hii ipewe mtu mpole mwenye subira, kwa sababu ataulizwa maswali yaleyale mara mia.

Vidonge vina ukubwa tofauti, na hapa watu hukosea. Kidonge cha miligramu 67 ndicho cha jerikeni ya lita 20 yenye maji maangavu. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, kama yalivyo ya Ziwa Nakivale baada ya mvua, vinahitajika viwili, na hata hivyo ni baada ya kuyaacha yatulie na kuyachuja. Vipo vidonge vya lita 1 na lita 5 vinavyofanana sana na hivi. Msomaji mmoja asome maandishi kwenye karatasi kabla ya kugawa, awafundishe wengine, na makopo yaandikwe kwa kalamu nene. Kwa kijiji chetu cha mfano, vidonge viwili kwa kila jerikeni ni 450 kwa siku, yaani 6,300 kwa wiki mbili. Hiyo ni akiba ya kutafuta mwezi Februari na mwezi Agosti, kabla ya mawingu.

Kwa kuchujia, tumieni kitambaa cha pamba kilichochakaa, kikunjwe mara nne. Hii siyo imani ya bibi. Huko Matlab, Bangladesh, utafiti wa Rita Colwell na wenzake uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa vilipunguza kipindupindu karibu nusu, kwa sababu vijidudu hivi hupenda kujishikiza kwenye vidudu vidogo vya majini ambavyo kitambaa huvinasa. Kitambaa kilichofuliwa mara nyingi huchuja vizuri kuliko kipya: nyuzi zimelegea na matundu yamepungua. Kitenge kipya kinachong'aa, cha nyuzi za plastiki, kiache kiende harusini. Na kuchuja hakuondoi haja ya dawa.

Jerikeni yenyewe nayo ichunguzwe. Ndani ya nyingi kuna utando wa kijani unaokula klorini yote kabla haijafanya kazi. Tia mchanga safi, kokoto kidogo na maji, tikisa kwa nguvu, suuza. Nyumbani, maji yakae kwenye chombo chenye mdomo mwembamba au ndoo yenye bomba, kwa maana kikombe kinachochovywa na mikono ya watoto saba hurudisha ugonjwa ndani ya maji yaliyokwisha kutibiwa. Kama kuna kuni, kuchemsha hadi yatokote kunatosha. Lakini Nakivale kuni ni fedha, na sipendi ushauri unaowaambia maskini wachome kile wasichokuwa nacho.

Kona ya ORS

Mgonjwa wa kipindupindu hufa kwa kukauka. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuharisha hadi akafa ndani ya saa chache, na akipata maji ya kutosha kwa wakati, chini ya mtu 1 kati ya 100 hufa. Asiyetibiwa kabisa, akiugua vibaya, nafasi yake ya kupona ni kama kurusha sarafu. Ndiyo maana umbali ni jambo la kufa na kupona. Kutoka kwenye vijiji vya pembeni vya Juru au Rubondo hadi kituo cha afya ni mwendo mrefu hata jua likiwaka. Usiku, kwenye utelezi, bodaboda zimekataa, ni mbali zaidi.

Kila kijiji, basi, kiwe na kona moja ya kunywesha wagonjwa ORS, yaani maji ya chumvi na sukari, chini ya turubai, au kwenye baraza ya kanisa, msikiti au nyumba ya VHT. Haihitaji daktari. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowamwaga mamilioni ya wakimbizi nchini India, daktari Dilip Mahalanabis alijikuta katika kambi ya Bangaon dripu zikiwa zimemwishia na wagonjwa wamelala sakafuni. Akachanganya chumvi, glukosi na magadi kwenye mapipa yenye bomba, akawaachia ndugu wa wagonjwa vikombe wawanyweshe. Vifo vilivyokuwa vikikaribia 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Waliookoa watu pale walikuwa mama, dada na waume wa wagonjwa.

Vifaa vya kona ni hivi: ndoo mbili zenye bomba, moja ya maji yaliyotibiwa na nyingine ya maji ya kunawia, vikombe na vijiko vya chai, pakiti za ORS, chupa ya lita 1 iliyotiwa alama, benchi, ndoo ya kutapikia, sabuni, tochi, daftari. Pakiti moja huchanganywa na lita 1 kamili. Usiigawe nusu kwa nusu, usiongeze sukari ili mtoto aipende, na usiipike. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe.

Pakiti zikiisha, chukua lita 1 ya maji salama, tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu visifanye kilima. Kipimo cha lita kinapatikana: kikombe cha tumpeco kinachukua nusu lita, lakini kilinganishe kwanza na chupa ya soda ya nusu lita, maana viigizo ni vingi sokoni. Onja kabla ya kumpa mgonjwa. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya. Chumvi nyingi inamdhuru mtoto.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha chai. Wa miaka 2 hadi 9, mililita 100 hadi 200. Mkubwa anywe kadiri awezavyo na zaidi. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena kwa kijiko, pole pole. Kutapika ndiko kunakowakatisha tamaa akina mama, nao wakiacha kunywesha ndipo mtoto anapopotea. Anayenyonya aendelee kunyonya. Chakula kisikatazwe. Watoto wapewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14 kama VHT anayo: miligramu 20 kwa siku, nusu yake kwa wa chini ya miezi 6. Mambo ya kumnunulia kila anayehara vidonge vya antibiotiki dukani yaachwe. Kituo ndicho kitakachoamua nani anavihitaji.

Kuna wagonjwa ambao kona haiwatoshi, na anayekaa pale lazima awatambue kwa kuangalia: macho yamedidimia, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imekunjamana, mtoto analia bila machozi, misuli inakaza, mkojo umekatika, mgonjwa amelegea au haongei vizuri. Huyu anahitaji dripu upesi. Mgonjwa mahututi mmoja anaweza kutumia lita 8 za dripu na kunywa hadi lita 10 za ORS kabla hajainuka. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, Nakivale, Kibengo, Juru au Rubondo, na njia nzima aendelee kunyweshwa kama anaweza kumeza. Bodaboda wa kufanya kazi hii apatikane kabla: mkubaliane bei, mpeni plastiki ya kutandika kitini, sabuni na dawa ya kusafishia pikipiki. Kwa kusafishia, jiki ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, inatosha. Isitumike kwenye ngozi, na isiachwe kwenye chupa ya soda ambayo mtoto ataifungua.

Daftari

Watu hudharau daftari. Mimi naliweka mbele ya dripu. Kila anayefika konani aandikwe umri, kijiji na mtaa, saa alipoanza kuhara, na mahali alipochota maji siku tatu zilizopita. Jina linaweza kuachwa ikiwa linawatia watu hofu. Safu ya maji ndiyo yenye thamani. Ikionyesha kwamba 9 kati ya 11 walichota kwenye chemchemi moja, funga chemchemi hiyo jioni hiyohiyo na uweke mtu wa klorini kwenye ile nyingine. Hamhitaji ruhusa ya Kampala kwa hilo.

Wala msingoje jibu la maabara ili kutoa taarifa. Mtu wa miaka 2 na kuendelea anayehara majimaji meupe mfululizo, kama maji yaliyooshea mchele, na amekauka vibaya au amekufa, anatosha kupiga simu. VHT aambie kituo, mwenyekiti wa RWC, baraza la wakimbizi, aiambie Ofisi ya Waziri Mkuu iliyoko Base Camp. Laini ya bure ya Wizara ya Afya ni 0800 100 066, na ile ya wakimbizi ya UNHCR ni 0800 323 232. Mgonjwa mmoja aliyethibitishwa ndio mlipuko. Hakuna kusubiri wafike kumi. Kituo kitachukua sampuli ya kinyesi kabla ya kutoa antibiotiki, na hapo ndipo Mbarara inapokuwa na faida kubwa kwa Nakivale: kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia tangu 1989, na kuna kituo cha utafiti cha Epicentre, tawi la Médecins Sans Frontières, tangu 1996.

Uthibitisho huo ndio unaofungua mlango wa chanjo. Uganda ilitumia chanjo ya kipindupindu ya kunywa katika mlipuko wa Hoima mwaka 2018, na tangu Oktoba 2022, kwa sababu dozi hazitoshi duniani, walioko kwenye mlipuko hupewa dozi moja badala ya mbili. Kinga huchukua kama wiki kujengeka. Kazi yenu ni kuwa na orodha ya kaya iliyo sahihi, pamoja na wageni wanaolala kwa ndugu zao bila kuandikishwa, ili timu ikija isipoteze siku mbili ikiuliza nani anaishi wapi.

Vyoo vitachimbwa wiki hiyohiyo, lakini baada ya maji na kona kusimama. Mara ya kwanza choo kimoja kwa watu 50 kinavumilika, baadaye 20. Kiwe mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, na sakafu ya shimo ibaki angalau mita 1.5 juu ya maji ya chini ya ardhi. Bondeni hilo haliwezekani kwa kuchimba, kwa hiyo inueni choo juu ya tuta la mifuko ya mchanga. Kinyesi cha mtoto nacho kitiwe chooni. Nje wekeni kibuyu chirizi na sabuni iliyofungwa kwa kamba. Bila kamba haitalala hapo usiku mmoja.

Msiba

Hapa ndipo kazi nzuri ya wiki nzima huweza kubomoka. Mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu unatoa majimaji yenye vijidudu vingi, na wanaouosha kwa mila, Wakristo wa Kongo na Warundi, Waislamu wa Somalia, hao hao wakapakua chakula cha matanga, huambukiza ukoo mzima kwa mlo mmoja. Kukataza msiba hakufai, na watu watazika usiku kwa siri. Kaeni na wazee, pasta na imamu kabla mtu hajafa, mpatane.

Mapatano yanayofanya kazi huwa hivi. Mwili unaoshwa na watu wachache waliofundishwa na kituo cha afya, wenye glavu na maji ya klorini waliyochanganyiwa huko, mmoja wao akiwa wa familia na dini ya marehemu ili aone hakudhalilishwa. Maziko yafanyike ndani ya saa 24. Sala isomwe nje, watu wakae mbalimbali. Chakula kisipikwe nyumbani kwa wafiwa; majirani wapike kwao walete kikiwa cha moto, na mlangoni pawe na maji ya kunawa na mtu wa kuyasimamia. Mwenye kusimamia maji hayo awe mtu mzima anayeheshimiwa. Kijana hawezi kumwambia mzee anawe.

Uvumi

Aprili 2024, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, zaidi ya watu 90 walizama pamoja na chombo kilichojaa kupita kiasi. Walikuwa wakikimbia bara kwa hofu iliyosambazwa na uvumi wa kipindupindu. Nakivale ina lugha nyingi kuliko miji mingi ya Afrika Mashariki, na uvumi unaozaliwa kwa Kinyarwanda asubuhi unakuwa umefika kwa Kisomali na Kiamhari kabla ya saa sita. Wa kwanza husema klorini ndiyo inayoleta ugonjwa. Usibishane sokoni. Mwenyekiti na mkewe wanywe maji yenye klorini mbele za watu, kwenye kisima, kila asubuhi. Na maelezo yatolewe na mtu wa jamii ileile kwa lugha yake, bila kutaja ni kabila gani lilianza kuugua, kwa sababu katika makazi kama haya taarifa hiyo haitibu mtu yeyote na inaweza kuwasha moto.

Kwa walioko Mbarara

Msikusanye nguo. Nguo hufika zikiwa zimelowa na hukaa stoo mpaka panya wazimalize. Nunueni hapo mjini ndoo zenye bomba, sabuni za miche, sukari, chumvi, tochi na madaftari, kisha pigieni Ofisi ya Waziri Mkuu kabla ya kupakia, kwani kuingiza mizigo na wageni kunahitaji kibali na gari lisilo na barua hurudishwa njiani. Ulizeni pia barabara inasemaje: lami ya kwenda Kikagati huwa haina shida, ni ile ya murram ya kuingilia makazini inayokatika. Dawa mlizobakiza nyumbani zibaki nyumbani. Wanafunzi wa uuguzi na udaktari wanaotaka kuja waje kwa zamu ndefu, wiki nzima, wakae konani usiku. Mgeni wa saa tatu huongeza kazi. Fedha taslimu za nauli na muda wa simu kwa VHT huleta faida kuliko mabango. Na msijione mko salama mno: Mto Rwizi, ambao umeinywesha Mbarara miaka yote, nao hufurika.

Na ninyi mlio makazini, kipindupindu kikianza kupungua, angalieni malaria. Baada ya Mto Nyamwamba kufurika Kasese tarehe 1 Mei 2013, watafiti wakiwemo wa Mbarara walikuta hatari ya kupimwa na kukutwa na malaria imepanda kwa takriban asilimia 30 katika miezi iliyofuata. Madimbwi yaliyoachwa nyuma ya nyumba yafukiwe, vyandarua vilivyosombwa vitafutwe, vifuliwe na kuanikwa kivulini, na kila homa ipimwe.

Kona isifungwe siku mgonjwa wa mwisho anapoondoka. Subirini wiki nne mfululizo bila mgonjwa aliyethibitishwa. Kisha ndoo zioshwe, zikaushwe na kuhesabiwa, vidonge vipangwe kwa tarehe ya kuisha nguvu, daftari lipelekwe kituoni likanakiliwe na kurudishwa. Stoo iwe na funguo mbili, moja kwa VHT na moja kwa mama anayeishi karibu na stoo na asiyesafiri ovyo. Mwenyekiti asiwe na ufunguo. Ana safari nyingi, na mvua ya usiku haimngoji arudi kutoka mkutanoni.